Shimo Nyuma ya Nyumba Yetu

Mimi si mtu wa kukaa. Hata leo nikipewa kiti cha wageni naona kama kiti chenyewe kinanisukuma. Watu wa kwetu husema nilizaliwa hivyo, lakini mimi najua ilinianza Busia, katika miaka ile ya sabini, nilipokuwa mke mpya na mama wa mtoto mmoja, nikiishi ukingoni mwa mji katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili, na shimo nyuma yake.

Nyumba ile ilikuwa ya muda. Hilo ndilo neno tulilolitumia, "ya muda", kila mgeni alipoinama kuingia. Mume wangu alikuwa ametoka kwao Marachi na pesa za pamba, akanunua kiploti, akaniapia kwamba tutalala chini ya nyasi msimu mmoja, ukizidi miwili, huku tukifyatua matofali yetu wenyewe, tuyachome, tujenge nyumba ya kudumu yenye paa la bati na sakafu ya saruji. Nilimwamini. Nilikuwa nimeshachagua upande ambao dirisha la jikoni lingetazama, na nikiwa napika nje kwenye moshi nilikuwa nikijiona nimesimama penye dirisha hilo.

Wakati huo mpaka ulikuwa umechangamka ajabu. Ng'ambo, Uganda, vitu vilikuwa vimeadimika, kwa hiyo watu walivuka kutafuta chumvi, sabuni na sukari, na wengine walivusha kahawa kwa njia za magendo ambazo kila mtu alizijua isipokuwa wale waliolipwa kuzijua. Kuanzia Busia hadi Malaba kila mwenye pesa alitaka stoo, na kila mwenye stoo alitaka vyumba vya kupangisha, na vyote hivyo vilitaka matofali. Ukingo wetu wa mji ukachimbwa. Ploti yetu ilikuwa na shimo, ya jirani wa kulia ilikuwa na shimo, ya jirani wa kushoto vilevile, na kuendelea mpaka kule kwenye barabara ya vumbi.

Sasa sikiliza jinsi kazi ile ilivyofanywa, maana hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Kufyatua matofali kunataka maji mengi, na kijito kilikuwa mbali, na mgongo wa mtu ni mmoja. Kwa hiyo shimo halikufukiwa. Uliliacha lijae mvua ya Aprili, ukaliacha liongezewe na mvua ya Oktoba, na kiangazi kilipofika ukachanganya udongo wako humo humo bila kubeba hata debe moja kichwani. Shimo lenye maji lilikuwa mali. Wanaume walisimama kando ya mashimo jioni, mikono nyuma, wakisifiana.

"Boss, shimo yako imeshika maji mzuri," jirani alikuwa akimwambia mume wangu, na mume wangu alikuwa akitabasamu kama mtu aliyesifiwa ng'ombe.

Mwaka wa kwanza tulichoma tanuri zuri. Matofali yalitoka mekundu, ukiyagonga yanalia. Tuliyapanga kando ya nyumba na kuyafunika kwa nyasi. Kabla hatujatafuta fundi, mvua ikanyesha, mahindi yakabeba, na binti yetu akashikwa na homa.

Kuugua homa kule kulikuwa na gharama ambazo mtu hazioni mpaka zimekwisha. Unaenda hospitali ya serikali asubuhi, unakaa kwenye foleni na mtoto anayewaka mgongoni, na siku hiyo hujauza kitu. Mume naye haendi kazini kwa sababu hawezi kufanya kazi huku roho iko juu. Ukiambiwa dawa zimeisha, unaenda kwa yule daktari wa kando ya barabara mwenye sindano, ambaye hakopeshi. Kisha mgonjwa lazima anunuliwe soda na mkate, maana kwetu mgonjwa asiyenunuliwa soda ni kama mmeshamkatia tamaa. Kisha wanakuja ndugu kutoka Marachi kumtazama, na ndugu hawatazami kwa njaa. Mtoto alipopona, mjenzi mmoja wa Malaba alirudisha lori lake kinyumenyume mpaka mlangoni petu, na vijana wake wakaanza kupakia matofali yetu. Nilisimama pale nikaona dirisha langu la jikoni likipanda lori.

"Mwaka kesho," mume wangu akasema.

Mwaka uliofuata alishikwa yeye mwenyewe. Alikuwa na matofali mabichi uwanjani, yamepangwa yakauke, na mvua ya mapema ikatishia. Tofali bichi likinyeshewa linarudi kuwa udongo. Nilikimbia huku na huku na nyasi na magunia, nikifunika hapa, upepo ukifunua pale, na mume wangu yuko ndani anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nikiingia kumpa maji nasikia mvua inalamba matofali. Nikitoka kufunika namsikia yeye ananiita. Hiyo ndiyo siku ninayosema ilinitoa utulivu mwilini. Yaliyonusurika yalichomwa na kuuzwa, na pesa ikafuata njia ileile, foleni, sindano, soda, ndugu.

Ndipo mama mkwe alipokuja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, na alikuja kutoka Marachi na kifurushi kimoja na neno moja. Mila haikumruhusu kulala chini ya paa la mwanawe, kwa hiyo alitandika mkeka wake kwenye kibanda cha jikoni, hatua chache kutoka kwenye shimo, akawa analala humo pamoja na mafiga na moshi wake. Asubuhi yake ya kwanza alituita sote.

"Homa inaletwa na mahindi mabichi," akasema. "Hapa hakuna mtu atakula mahindi mpaka ikauke kwa shamba. Mukhana, umesikia?"

Mukhana nilikuwa mimi, binti yake wa kuolewa. Nilisikia, na wala sikumcheka. Karibu kila mtu niliyemjua aliamini hivyo, na kusema kweli ungeaminije vingine? Mahindi yalikuwa yakibeba mwezi wa Juni, na homa ilikuwa ikibisha hodi mwezi wa Juni. Ukila, unaugua. Tuliwahi kumsikiliza bwana afya kwenye foleni ya hospitali akituonyesha picha ya mbu na kusema juu ya maji yaliyotuama. Tulimsikiliza kwa heshima, wengine wakamwitikia ndiyo bwana, tukarudi nyumbani kwenye maji yetu. Picha ile ilikuwa na mbu mkubwa kuliko kuku, na sisi kwetu hatukuwa na mbu wa aina hiyo.

Tena mama mkwe mwenyewe alikuwa ushahidi. Hakula mahindi mabichi, na hakuugua hata siku moja. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu anayelala ndani ya moshi hata mbu anamkimbia.

Basi shamba letu dogo likasimama limejaa, na sisi tukawa tunanunua unga. Usinielewe vibaya, mama mkwe hakukataza mahindi yasiuzwe. Alikataza yasiliwe na sisi. "Wasafiri wako na dawa yao," alisema. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa navunja mahindi ambayo siruhusiwi kuonja, nayapeleka karibu na kizuizi cha mpaka, nachoma kando ya barabara, nawauzia madereva wa malori na wavukaji, na jioni nanunua unga wa bei ya juu kwa pesa hiyohiyo, kwa sababu miezi hiyo kila mtu ananunua unga na wauzaji wanajua. Harufu ya mahindi ya kuchoma ilinikaa kwenye nywele mpaka nikawa nalala nayo. Nilikuwa na njaa ya hasira. Mwenye njaa ya kawaida anaomba, mwenye njaa ya hasira anapiga masufuria.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Uganda, mnene, mcheshi, aliyevuka na ndizi na kurudi na sabuni. Kila alipopita lazima ale mahindi yangu, na akimaliza anavunja kibunzi na kukitafuna utamu wa mwisho. Nilikuwa namchunguza kama askari. Nilikuwa nangoja siku asiyotokea ili niseme homa imempata. Hakukosa. Mwishowe sikuweza kuvumilia.

"Nyabo, hii mahindi haikupi homa?" nikamwuliza, nikimwita mama kwa lugha ya kwao.

Alicheka mpaka ndizi zikatikisika. "Homa ya mahindi? Nyabo, mimi nakula hii tangu nizaliwe. Kwetu ni kule juu kwa kilima. Mbu hakuna kabisa."

Aliondoka akicheka. Mimi nikabaki nageuza mahindi mpaka yakaungua upande mmoja.

Wiki ileile binti yetu alishikwa tena. Mchana kweupe alikuja akanilalia mapajani, na nilipompapasa paji la uso mkono wangu ulijua kabla sijajua mimi. Mama mkwe alitoka jikoni kwa hasira.

"Mmempatia mahindi!"

"Mama, sijampa."

"Mmempatia. Kama si wewe ni baba yake."

Mume wangu akaapa kwa jina la baba yake aliyekufa. Hakuaminiwa. Mama mkwe aliingia shambani peke yake. Nilimwona akipita mstari kwa mstari, akishika kila bua, akitafuta palipovunjwa pasipotakiwa. Alijua upande niliovunja wa kuuza, alikuwa akiutazama kila siku. Upande wa pili haukuguswa hata na panya. Alikaa humo muda mrefu. Aliporudi alipita katikati yetu, akaenda akasimama kando ya shimo, akainama, akatazama maji. Yalikuwa yanachezacheza kwa vile viluwiluwi vya mbu, vidogo, vinavyojikunja. Tulikuwa tunaviona kila siku. Tulikuwa tunaviita wadudu wa maji.

"Funika hii kitu," akasema.

Mume wangu alicheka kwanza, akidhani ni uchungu wa mjukuu unaosema. "Mama, hiyo ndiyo nyumba."

"Nyumba gani? Mimi naona shimo."

Siku hizo zilikuwa mbaya. Mtoto alipelekwa kwa yule wa sindano, akapona polepole, na matofali ya mwaka huo yakaenda. Lakini maneno hayakwisha. Mume wangu alisema shimo ndilo linalolipa sindano. Mama yake alisema shimo ndilo linaloleta sindano. Wote wawili walikuwa na haki, na mimi niliyesimama katikati nilikuwa nataka nyumba yangu, tena nataka mtoto wangu, nikatembea uani huku na huku mpaka mume wangu akaniambia naitia mifugo kizunguzungu. Mifugo yenyewe ilikuwa kuku wawili.

Tulikuja kupatana hivi: kiangazi kikifika atachoma tanuri moja la mwisho. Hilo halitauzwa. Hata mtu akiugua vipi, halitauzwa. Niliwaapisha wote wawili, mama na mwana, mbele yangu. Kisha shimo litafukiwa.

Na kweli likafukiwa. Tanuri lilikuwa kubwa kuliko yote tuliyowahi kuchoma. Mume wangu alilipanga kwa mikono yake, akalipaka udongo, akalilisha magogo usiku na mchana, macho yakawa mekundu kama matofali yenyewe. Lilipopoa tulipanga nyumba yetu nzima kando ya njia, tukaifunika kwa nyasi, na nilikuwa naizunguka kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Kisha tukageukia shimo. Maji yalikuwa yamekaribia kuisha. Tulibomoa kichuguu kilichokuwa mwisho wa shamba, tukabeba udongo wake kwa karai, tukamwaga vipande vya matofali yaliyovunjika, majivu, tope kavu, chochote. Mama mkwe alikuwa wa kwanza na wa mwisho kwenye jembe. Alishindilia udongo kwa miguu yake mitupu, akigeuka geuka kama anacheza ngoma ya hasira. Juu yake alipanda viazi vitamu.

Majirani walikuja kutazama. "Hawa wamepata pesa wapi ya kufunika mali?" wakaulizana kwa sauti ya kutosha tusikie. Sikujali. Aprili mvua iliponyesha nilitoka nje nikasimama nikaangalia maji yakipita juu ya viazi na kwenda zake. Nilicheka peke yangu.

Juni ile mama mkwe alifungua shamba. Alivunja mahindi ya kwanza kwa mkono wake, akayachoma mwenyewe, akampa mjukuu wake, akanipa mimi. "Kula, mukhana," akasema, "hii haina makosa." Nilikula mpaka tumbo likauma. Maziwa ya mahindi yalinichuruzika kidevuni, nikayaacha. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu anayeweza kukaa. Fundi alikuwa ameshapima msingi kwa kamba. Niliketi ndani ya kamba ile, mahali ambapo jiko lingekuwa, nikamshonea binti yangu gauni bila kuinuka hata mara moja. Nilikuwa na furaha ya kweli, siionei aibu.

Lakini jua likianza kushuka nilikuwa nasikia. Sauti ile nyembamba sikioni. Nilijiambia ni mazoea tu, kwamba sikio limebaki na mlio wa zamani. Nikapiga kofi shingoni, nikatazama kiganja, nikaona damu. Nikatazama kulia, nikaona shimo la jirani limejaa mpaka ukingoni. Nikatazama kushoto. Mashimo yote yalikuwa yanang'aa kwa jua la jioni, mpaka kule barabarani. Mbu hakuwa na haja ya kuuliza ploti hii ni ya nani. Alivuka tu, kama wale wa kahawa.

Nilisimama, nikaanza tena kutembea.

Nilianza kwa jirani wa kulia. Alikuwa mzee mstaarabu, aliyestaafu kazi ya reli, mwenye watoto wengi na koti moja. Nilimweleza yote, mahindi, viluwiluwi, kilima cha yule mama wa Uganda. Hakunicheka. Aliniletea kigoda, nikakataa kukaa.

"Mama, mimi naamini maneno yako," akasema. "Lakini wewe matofali yako iko pale, umefunika na nyasi. Umemaliza. Mimi yangu bado iko kwa udongo. Hii shimo ndiyo fees ya watoto. Nikifunika, nitawaambia nini? Ngoja nimalize, hata mimi nitafunika."

"Utamaliza lini, mzee?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Mwaka kesho," akasema.

Jirani wa kushoto alisema maneno yaleyale, ila yeye alikuwa na haraka. Sikwenda kwa wengine. Nilirudi nyumbani nikiwa nimewakasirikia wote, na nikiwa sina hata mmoja wa kumlaumu, maana kila mtu aliniambia neno ambalo mume wangu alikuwa amemwambia kila mtu.

Binti yetu alishikwa kabla mwezi haujaisha. Safari hii alishikwa vibaya, akawa anaongea maneno yasiyo na mpango, anamwita bibi yake akiwa amemshika mkono. Yule wa sindano alisema sindano za kawaida hazitoshi, kuna dawa nyingine, na ataitoa ikilipiwa kwanza. Tulitoka nje tukasimama kwenye jua. Wote watatu tulijua kitu kilichokuwa kando ya njia yetu kimefunikwa kwa nyasi, na kwamba yule mjenzi wa Malaba angekuja na lori akiitwa tu.

Nilingoja mume wangu aseme. Nilikuwa tayari kumpigia kelele, na nilikuwa tayari kumwambia uza, uza upesi. Sikujua lipi lingetoka. Mama yake alikuwa anatazama chini.

"Nimeapa," mume wangu akasema, na akaondoka.

Nilikaa na mtoto siku ile nzima. Nilimpoza kwa kitambaa, nikamlaza, nikamwinua, nikaenda mlangoni, nikarudi. Mama mkwe alileta makaa na majani mabichi akayaweka mlangoni ili moshi uingie ndani, na tukakohoa sote watatu. Sikujua mume wangu alikokwenda. Nilidhani amekwenda Marachi kukopa, au amekwenda Malaba kubeba mizigo ya malori. Alasiri nilisikia vishindo vya jembe upande wa kulia, na sauti za watu wakifanya kazi, na sikutoka kutazama kwa sababu kazi ya matofali ya jirani haikunihusu tena.

Alirudi jua likiwa bado juu. Alisimama nje ya mlango bila kuingia, akaninyooshea pesa ambazo mzee wa reli alikuwa amemlipa papo hapo, na za kesho yake amemlipa kabisa, kwa sababu alitaka shimo lipanuliwe upesi kabla mvua haijaisha, ili lishike maji zaidi, na hakuna mtu aliyejua kuchimba udongo wa matofali kama mume wangu.

Nilitazama miguu yake. Tope lilimfika magotini, bichi, la rangi ileile niliyoijua. Nilichukua zile pesa, nikazifunga kwenye pembe ya leso, nikampisha aingie kwa mtoto, nikaenda kununua dawa.